Mukopo wa biashara: unahesabia feza yenye inapita ao yenye inabakia?

Ku soko ya Kasaji, mama moja mwenye kuuzisha unga wa muhogo aliniita. Bwana yake anafanya kazi ku kompani ya madini, pande za Kolwezi. «Papa délégué, nikienda kulomba mukopo, nitasema napata ngapi?» Nikamuuliza: «Kwa mwezi unauzisha ya ngapi?» Akajibu mara moja: «Milioni moja na elfu mia mbili.» Nikamuuliza tena: «Na inabakia ngapi?» Pale akanyamaza, kisha akacheka.

Tukakaa, tukachukua kaye ya masomo ya mutoto, tukaandika. Mauzo ya mwezi: 1.200.000 FC. Kununua unga: 900.000. Usafiri: 120.000. Kodi ya soko: 20.000. Mifuko: 10.000. Inabakia 150.000 FC. Mbele ya ile siku alikuwa anajiona kuwa mutu wa milioni.

Wandugu, si yeye peke yake. Hata serikali kubwa zinashindana juu ya hii hesabu. Mu 2020, wakati wa Corona, Marekani ilitosha mikopo ya musaada. Kwa mutu mwenye kujifanyia kazi mwenyewe, walichukua faida ya mwaka, wakagawanya kwa miezi 12, wakazidisha mara mbili na nusu. Mwenye hakukuwa na faida ku karatasi hakupata kitu. Watu wadogo walilalamika, na mu mwezi wa tatu 2021 waliruhusu kuhesabia mapato yote, mbele ya kutosha gharama. Lakini wale wenye walikuwa wamekwisha kupata mukopo hawakuhesabiwa upya.

Tuweke mama yetu mu ile hesabu. Kwa mauzo, angepata 3.000.000 FC. Kwa faida, 375.000 FC. Mutu ni yule yule, soko ni ile ile, lakini mukopo unapita mwingine mara nane.

Mutu atasema: basi tuchukue ile kubwa! Pole pole. Kule Marekani, mwenye alitumia feza vile sheria ilisema alisamehewa deni. Huku kwetu deni linalipwa. Milioni tatu kwa miezi 12 ni 250.000 kila mwezi, hata riba haijaingia. Mama anabakia na 150.000. Ile ingine itatoka wapi? Itatoka ku mushahara wa bwana, ao ku banki Lambert. Na tunajua banki Lambert: unakopa 100.000, mwisho wa mwezi wanakudai 150.000.

Tuangalie sasa ile ya 375.000, kulipa kwa miezi sita, riba 3% kwa mwezi. Kama wanahesabu riba juu ya deni la kwanza mupaka mwisho, utalipa riba ya 67.500 FC. Kama wanahesabu juu ya deni lenye linabakia kila mwezi, ni 39.375 FC. Wote watakuambia «3%». Uliza mbele ya kutia saini.

Na musaada wa serikali yetu? Kuko FOGEC, yenye ilianzishwa mu 2020. Kazi yake ni kusimamia mukopaji mbele ya banki. Kulikuwa pia PADMPME, ya dola milioni 100 za Benki ya Dunia, mu 2018. Miji yake ya kwanza ilikuwa Kinshasa, Matadi, Goma na Lubumbashi. Kolwezi haikukuwa ndani, basi Kasaji je? Juu ya ile, sisi wa sendika tunapaswa kulomba mambo mbili: mukopo ufike mupaka huku Kasaji, na kaye ya mama ikubaliwe kama ushuhuda, hata kama hana karatasi za kampuni.

Kuko wenye watasema hii si kazi ya sendika. Lakini mu 2020, wakati wafanyakazi walifungiwa ndani ya migodi, nani alikuwa analisha nyumba? Ni ile meza ya soko.

Wazee wa Gécamines watatuelewa. Mu 2003, programu ya «départs volontaires» ilianza, na watu 10.655 wakatoka ku kazi. Wengi walibishia hesabu yao miaka na miaka, kisha saini ilikuwa imekwisha kuwekwa.

Basi, mama, nunua kaye. Kila mangaribi andika tatu: yenye imeingia, yenye imetoka, yenye imebakia. Na wewe muchimbaji, usichukue feza mu kikapu ya mama bila kuandika. Ile yenye umekula nayo ni feza yenye imetoka.

Mama wa Kasaji hakuenda kulomba mukopo ile wiki. Aliniambia: «Wacha niandike miezi mitatu kwanza.»