Shabaha Njema Haihitaji Risasi

Jumapili moja alasiri nilipita nyuma ya nyumba za mtaa wa Kaloleni, nikawakuta wavulana sita wamepanga mikebe mitupu juu ya ukuta. Manati ilikuwa moja tu, panda ya mti wa mpera iliyofungwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila mmoja alikuwa na haki ya kurusha mara tano, akisimama nyuma ya mstari uliochorwa mchangani kwa kisigino. Aliyekuwa akisubiri zamu yake ndiye aliyeandika alama ukutani kwa kipande cha kaa.

Nilisimama kutazama. Kilichonivutia si ustadi wao, ingawa walikuwa nao. Kilichonivutia ni yule mwandishi wa alama. Mkebe wa mpinzani wake ulipotikisika bila kuanguka, aliandika sufuri. Ulipoanguka aliandika moja, ilhali alama hiyo ndiyo iliyomtoa yeye mwenyewe mashindanoni. Hakuna aliyebisha, wala hakuna aliyetafuta refa.

Ghafla gari likaunguruma upande wa Barabara ya Jogoo. Kabla sijageuza shingo, manati ilikuwa imezama ndani ya shati na wavulana wote sita wameketi chini kama watu waliokuwa wakipiga soga tangu asubuhi. Gari lilipita. Lilikuwa la kusambaza mikate. Wavulana wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni mchezo gani huu ambao mtoto anaucheza kwa uaminifu kiasi kile, kisha anauficha kama mwizi?

Swali hilo lilinirudia mwezi wa Agosti 2024, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Wanafunzi wangu walikuwa wameiona picha ya Yusuf Dikeç, Mturuki wa miaka 51, amesimama mkono mmoja mfukoni na miwani yake ya kawaida usoni, akilenga shabaha kwa bastola ya upepo. Yeye na mwenzake, Şevval İlayda Tarhan, walitwaa nishani ya fedha katika shindano la wawili wawili la mita 10. Kijana mmoja akanyosha mkono darasani akauliza, “Mwalimu, mbona mchezo huu haupo kwetu?”

Ni swali la haki, nalo lastahili jibu la haki. Michezo ya bunduki za upepo ni ya namna nyingi. Ile ya Olimpiki huchezwa kwa umbali wa mita 10, na katika shindano la bunduki ndefu kitone cha alama kumi kina upana wa nusu milimita tu. Iko na nyingine iliyoanzia Uingereza mwaka 1980, ambayo vilabu vya mashambani huicheza nje, porini na vichakani. Humo shabaha ni kipande cha chuma kilichokatwa kwa umbo la panya, kunguru au sungura, chenye tundu la upana wa kati ya milimita 15 na 40. Tundu hilo ndilo kila kitu. Kijirisasi kikipita ndani yake hugonga kibati kilicho nyuma, na mnyama wa chuma huanguka. Kikigonga chuma pembeni mwa tundu, mnyama hubaki wima na mpigaji hapati kitu. Kisha kamba huvutwa, mnyama husimama tena, na mwingine hujaribu.

Ugumu wake hauko kwenye kuvuta kifyatulio. Shabaha huwekwa mahali popote kati ya mita 7 hivi na mita 50, na hakuna anayeambiwa umbali. Mshindani hukadiria mwenyewe kwa jicho na darubini ya bunduki yake. Lazima aupime upepo pia, maana kijirisasi ni chepesi, na nguvu inayoruhusiwa kwa kawaida haizidi jouli 16. Pumzi ya kukaa vizuri huweza kuokoa alama ambayo haraka ingeipoteza. Tena washindani hutembea wawili wawili: mmoja anapopiga, mwenzake huandika. Hapo ndipo nilipowakumbuka wale wavulana wa Kaloleni. Walikuwa na sheria ileile, na wala hawakufundishwa na mtu.

Kwa nini basi mchezo huo haupo kwetu? Jibu la kwanza ni sheria. Nchini Kenya silaha husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuna Bodi ya Leseni za Silaha inayoamua nani amiliki nini. Bunduki, hata iwe ya upepo, si kitu cha kutembezwa mtaani ovyo. Jibu la pili ni gharama, ambayo mzazi anayehangaikia karo hawezi kuifikiria.

Lakini jibu la tatu ndilo zito zaidi. Sisi wa Eastlands tunaijua bunduki kwa upande ule mwingine. Mitaa yetu miwili, Mbotela na Ofafa, ina majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, viongozi waliouawa Nairobi siku za Hali ya Hatari, mmoja mwaka 1952 na mwingine mwaka 1953. Mwezi wa Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, akafa. Darasani mwangu wapo watoto wanaoweza kutofautisha mlio wa risasi na mlio wa gurudumu lililopasuka, na elimu hiyo hawakuipata shuleni. Kwa mtoto wa namna hiyo bunduki haijawahi kuwa kifaa cha michezo. Haikumjia na karatasi ya kuandikia alama.

Kwa hivyo nilimjibu kijana yule kwamba sitaki bunduki, hata ya upepo, iletwe mtaani kwetu. Kijana aliyeishika kwa mbali atafanana na mhalifu, na kwetu kufanana tu kumewahi kuwa kosa la kutosha. Lakini nilimwambia pia kwamba mchezo wenyewe hauko ndani ya bunduki. Uko katika pumzi iliyotulia, katika jicho linalopima umbali, na katika mkono wa mpinzani unaoandika kweli. Hayo yote Eastlands inayo tayari. Yako katika mchezo wa gololi ambao watoto wetu huuita bano, katika vishale, na katika manati.

Najua kuna watakaonipinga. Mzee mmoja jirani yangu amebadilisha vioo vya dirisha mara mbili mwaka mmoja, na kila akimwona mtoto mwenye manati huinuka kitini. Ana haki. Manati huvunja vioo, huua ndege na huweza kumpofua mtu. Hata hivyo, na tukumbuke historia yetu wenyewe. Kupigana ngumi vichochoroni nako kulikuwa kero. Wazee wa zamani hawakutosheka na kukemea. Waliwapeleka vijana katika kumbi za jamii, Muthurwa, Kaloleni na Pumwani, wakawavisha glovu, wakawawekea kengele na sheria. Kutoka jiji hilihili akatokea Robert Wangila, aliyeiletea Kenya nishani ya dhahabu ya masumbwi huko Seoul mwaka 1988. Kero ilipopewa ukumbi na sheria, ikageuka kuwa fahari.

Walimu wenzangu, jambo hili halihitaji fedha nyingi. Panga mikebe kumi mbele ya magunia ya mchanga, kila mkebe kwa umbali wake, na umbali usitajwe. Badala ya mawe, tumia vidonge vya udongo mkavu. Chora mstari, na asiwepo hata mtu mmoja mbele yake wakati wa kurusha. Miwani ya kukinga macho iwe sharti. Manati zibaki kabatini mwa shule mchezo ukiisha. Mwalimu wa hisabati atapata makadirio na asilimia. Mwalimu wa fizikia ataeleza jinsi mpira ulionyooshwa unavyohifadhi nguvu na kuiachilia. Nasi wa Kiswahili tutapata insha ambayo mwanafunzi hataikariri kutoka kitabuni.

Linalobaki ni uwanja, na hapo ndipo penye donda. Viwanja vingi tulivyochezea utotoni leo vimezungushiwa mabati, na mwenyewe hajulikani. Tukimnyima mtoto mahali pa kulenga mchana mbele ya watu, tusishangae akienda kulenga usiku nyuma ya watu. Ngozi ivute ingali mbichi.

Nanyi wanafunzi, msidhani ninawapa mchezo wa maskini kwa sababu ule wa matajiri umewashinda. Mkebe haumwulizi mtu ametoka wapi. Huanguka au hauanguki. Kama mwenzako anaweza kuiandika alama yako kwa kweli ingawa inamshinda yeye, basi mmekwisha kujua jambo ambalo watu wazima wengi wa nchi hii, kila wanapohesabu, bado linawashinda.

Nilipita tena nyuma ya zile nyumba wiki iliyofuata. Wavulana hawakuwepo. Alama za kaa zilikuwa bado ukutani, moja na sufuri, zimepangwa vizuri. Natamani siku moja ziandikwe kwenye daftari la shule, na gari lipitapo, asiwepo mtoto wa kuficha kitu.