Kiswahili katika Duka la Miwani

Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara: ukiacha ualimu na ukalimani, Kiswahili kina kazi gani? Katika toleo hili tunaeleza kazi moja isiyotajwa sana madarasani, nayo ni ya msaidizi katika duka la miwani.

Mteja kutoka Mwanza, Goma au Bujumbura akiingia duka la miwani mjini Kampala, wa kwanza kuzungumza naye huwa ni msaidizi. Huyu ndiye anayemkaribisha, kuandika maelezo ya tatizo lake na kumpeleka kwa mpima macho. Baada ya vipimo, humsaidia kuchagua fremu na kupima kwa milimita umbali kati ya mboni zake. Kipimo hicho kikikosewa, mteja anaweza kuumwa kichwa hata kama nguvu ya lenzi ni sahihi.

Lugha nayo inataka uangalifu uleule. Mteja akisema "sioni karibu", ana maana kwamba vitu vya karibu havioni vizuri. Akiwa amevuka miaka 40, huenda anachohitaji ni miwani ya kusomea, yenye lenzi za kujumlisha kama +1.50. Lakini akisema "karibu sioni", anaeleza kwamba anakaribia kupofuka. Maneno ni yale yale. Mpangilio ndio uliobadilika. Huyu wa pili apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa, vivyo hivyo na mwenye jicho jekundu linalouma au anayeona mimweko ya ghafla. Fremu zitasubiri.

Kuna pia majina ya maradhi. "Mtoto wa jicho" ni ukungu ndani ya lenzi ya jicho, na huondolewa kwa upasuaji, si kwa miwani. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atauliza mtoto huyo ana umri gani! "Presha ya macho" nayo si presha ya damu. Mara nyingi huharibu neva ya jicho polepole bila maumivu, na uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Kwa hiyo swali fupi, "Mzee, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuwa na presha ya macho?", linaweza kuokoa macho ya mtu.

Kwa asiyejua kusoma hutumika ubao wa herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali. Msaidizi huuliza kwa heshima: "Mama, miguu ya herufi hii imeelekea wapi?" Majibu ni juu, chini, kulia na kushoto, yaani msamiati wa muhula wa kwanza.

Tunawashauri walimu wenzetu wayaigize mazungumzo haya darasani, mmoja awe mteja na mwingine msaidizi. Mwanafunzi akikosea hapo, atasahihishwa na mwalimu. Akikosea dukani, atakayeumia ni mgonjwa.