Vyeti vya Moshi

Mtu akiingia asubuhi katika jiko la kuni, na jua likapenya katika tundu la ukuta, ataona mwali wa nuru umesimama kama ufito mweupe toka ukutani mpaka sakafuni. Kinachoonekana pale ni chembe za moshi, ambazo kila moja hupokea nuru kidogo na kuitawanya huku na huku. Tena mtu aliye nyuma ya mwali ule haonekani sawasawa. Basi fikirini jambo lilo hilo likitendeka, si jikoni, bali katika anga ya nchi nzima.

Huko Marekani, katika jimbo la Arizona, liko korongo kubwa liitwalo Grand Canyon, lililochimbwa na mto Colorado. Urefu wake ni kilomita 446, na kina chake chapita kilomita moja na nusu. Watu hutoka mbali kuja kusimama ukingoni wapate kutazama magenge mekundu ya ng'ambo. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi walikuta utando mweupe umelifunika bonde, na ng'ambo ikaonekana kama kivuli tu. Utando huo haukuwa ukungu wa mvua. Sehemu yake ilitokana na vituo vya kufua umeme vilivyochoma makaa ya mawe. Ndani ya makaa hayo mna salfa, nayo ikiungua hutoa hewa isiyoonekana kwa macho. Hewa hiyo huchukuliwa na upepo mwendo wa mamia ya kilomita, na njiani hugeuka kuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo ndizo zinazotawanya nuru.

Mwaka 1977 sheria ilitungwa huko kwamba utando ulioletwa na kazi za wanadamu uondolewe katika hifadhi kubwa na nyika zisizokaliwa na watu, mahali 156 kwa jumla. Lakini uondolewe kwa njia gani? Njia ya kwanza ni amri. Karibu na mji wa Page, si mbali na korongo lile, palikuwa na kituo kiitwacho Navajo Generating Station, chenye dohani tatu, kila moja mita 236 kwenda juu. Mwaka 1991 kiliamriwa kupunguza hewa yake ya salfa kwa sehemu 90 katika 100, na mitambo ya kuosha moshi ikakamilika mwaka 1999.

Njia ya pili ni soko. Sheria ya mwaka 1990, iliyokusudiwa hasa kuzuia mvua yenye asidi, iliweka kikomo cha hewa ya salfa kwa vituo vyote pamoja, kisha ikagawa vyeti. Cheti kimoja ni ruhusa ya kutoa tani moja. Mwaka ukiisha, kila kituo hurudisha vyeti sawa na tani zake. Kikipungukiwa hutozwa faini. Vyeti vyaweza kuuzwa na kununuliwa. Kazi hii ilianza mwaka 1995.

Haya, chukueni mbao zenu. Vituo viwili hutoa tani 1,000 kila kimoja, na kila kimoja kimepewa vyeti 500. Kituo cha kwanza husafisha tani moja kwa shilingi 100, cha pili kwa shilingi 400. Kila kimoja kikisafisha tani 500, gharama ya vyote viwili ni shilingi 250,000. Lakini cha kwanza kikisafisha tani 800, na kuuza vyeti 300 vilivyosalia, cha pili kitasafisha tani 200 tu. Moshi ni ule ule, tani 1,000, na gharama imeshuka mpaka shilingi 160,000.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza, niliona ni kama kuuza ruhusa ya kutenda ubaya. Ila kikomo ndicho chenye nguvu, wala si cheti. Kikomo kikiwa kikubwa mno, soko halisafishi kitu. Tena mtu yeyote aweza kununua. Wako wanafunzi wa shule huko Marekani waliochanga fedha, wakanunua vyeti kadhaa, wasivitumie. Kwa kila kimoja, tani moja haikupanda angani.

Taabu yenyewe iko mahali pengine. Je, kama kituo kile cha pili kiko upande unaotoka upepo, karibu na hifadhi? Hesabu ya taifa ni njema, lakini hifadhi hiyo hupata tani 800 badala ya 500. Kwa sababu hiyo kanuni ya mwaka 1999 iliyadai majimbo yaliyotaka soko yathibitishe kwamba hewa itatakata kuliko kwa kukilazimisha kila kituo cha zamani kuweka mitambo. Majimbo machache ya Magharibi, miongoni mwao Utah, Wyoming na New Mexico, yalipanga soko la akiba: jumla ya salfa ikipita kiwango kilichowekwa, soko lifunguliwe. Jumla ilikaa chini ya kiwango mwaka baada ya mwaka, na soko halikufunguliwa.

Katika nchi nzima hewa ya salfa ya vituo vya umeme ilipungua kutoka tani karibu milioni 16 mwaka 1990 hata chini ya milioni moja mwaka 2020. Soko lilisaidia, amri zilisaidia, na gesi ya ardhini, iliyokuwa rahisi kuliko makaa, ilisaidia sana. Kituo cha Navajo kilifungwa Novemba 2019, na Wanavajo wengi waliokuwa wakipata mishahara pale wakapoteza kazi hizo. Desemba 2020 dohani zake tatu ziliangushwa kwa baruti. Siku hizi, wakati wa kiangazi, utando juu ya korongo mara nyingi ni moshi wa misitu inayoungua, na moshi huo hauna mwenyewe wa kudaiwa cheti.