Goma: Kabla ya kumfukuza paka anayekojoa ndani, mtazame kwanza anavyokojoa

Katika mitaa mingi ya mji wa Goma, jimboni Kivu ya Kaskazini, paka haingii nyumbani kama rafiki. Anaingia kama mfanyakazi. Ananunuliwa akiwa mdogo, analetwa ndani ya katoni yenye matundu, na kazi yake inajulikana tangu siku ya kwanza: panya. Nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe ya volkano zina nafasi kubwa chini ya sakafu, na panya wanazijua nafasi hizo kuliko fundi aliyejenga.

Ndivyo alivyofika paka dume wa rangi ya majivu kwa familia moja ya mtaa wa Katindo. Mama wa nyumba hiyo anauza unga wa muhogo, unga wa mahindi na maharagi kwa rejareja, na mifuko yake analaza katika chumba cha nyuma anachokiita depo. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, paka alifanya kazi bila malalamiko. Mifuko ikaacha kutobolewa. Kisha akaanza kukojoa ndani.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye shuka la watoto, na hakuna aliyejali sana. Mara ya pili, blanketi. Mara ya tatu, mfuko mzima wa unga wa muhogo uliokuwa umefunguliwa asubuhi hiyo. Unga ukinuka mkojo wa paka hauuziki, hata ukichekechwa na kuanikwa juani siku mbili. Mama akahesabu hasara yake, baba akaagiza mnyama atiwe mfukoni na kutupwa mbali. Jirani mmoja akaongeza lake: kwamba paka anayekojoa kitandani ametumwa na mtu. Katika kungoja uamuzi, kila aliyempata karibu na mifuko alimchapa.

Binti wa nyumba, mwenye miaka 12, alikuwa ameona jambo jingine. Paka alikuwa anachuchumaa ndani ya beseni ya kufulia, anakaa hapo kwa muda mrefu, analia kidogo, na akiondoka anaacha matone mawili matatu yenye rangi ya damu. Baada ya dakika chache anarudi tena. Mtoto alisema, lakini katika nyumba yenye kesi ya unga nani anasikiliza habari za beseni? Siku ya tatu paka alikutwa amekufa chini ya kitanda. Hakuna aliyekuwa amemtupa.

Kile mtoto alichokiona kinajulikana vizuri kwa madaktari wa wanyama, wale ambao wakaaji wengi wa Goma wanawaita kwa Kifaransa veterineri. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, hasa kwenye ncha yake. Chembe ndogo kama mchanga zinazojitengeneza katika kibofu, zikichanganyika na ute, zinaweza kuuziba kabisa. Hapo mkojo unarudi nyuma, figo zinashindwa kusafisha damu, potasiamu inapanda mwilini na moyo unasimama. Kazi hiyo yote inaweza kumalizika ndani ya siku mbili au tatu. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo si wa kungojea hadi kesho. Anapelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo, ambaye anaweza kuufungua mrija kwa mpira mwembamba. Jike anaugua kibofu pia, ila mrija wake ni mpana zaidi na kuziba kwake ni nadra.

Na hata pasipokuwa na kuziba, kibofu kinachowaka kinamfanya paka kukojoa ovyo. Akienda mahali pake pa kawaida anasikia maumivu, anaanza kuamini kwamba mahali hapo ndipo panapomuumiza, basi anatafuta pengine penye ulaini: godoro, nguo zilizorundikwa, unga. Machoni pa mwenye nyumba anaonekana kulipiza kisasi. Paka hajui kisasi cha namna hiyo. Anatafuta mahali pasipouma.

Kuna kosa moja ambalo linapaswa kutajwa hapa kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Mtu akiona mnyama wake anaumwa, anavunja kidonge cha parasetamoli na kukichanganya na samaki. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama la mtu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Kwa familia ya Katindo, panya walirudi kabla ya mwezi kwisha. Mama akanunua paka mwingine, dume tena, kwa kuwa ndiye aliyepatikana. Safari hii alipitia kwanza kwa daktari wa wanyama kuuliza. Madaktari hao wapo, na nchini wanafundishwa katika vitivo kama vile cha Lubumbashi na cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben huko Butembo, ila sehemu kubwa ya kazi yao ni ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Mtu anayeingia na paka ndani ya kikapu bado anachekwa kidogo kwenye foleni. Mama wa Katindo alichekwa, akakaa.

Alichoelezwa kwanza ni kwamba nyumba yake haikuwa na choo cha paka. Yule wa kwanza alikuwa anatoka nje usiku kupitia pengo la ubao, hadi siku baba alipoliziba pengo hilo kwa ajili ya wezi. Hakuna aliyefikiri kwamba lilikuwa mlango wa mtu. Paka akabaki ndani kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi asubuhi, bila mahali pa kwenda.

Choo cha paka si lazima kinunuliwe dukani. Beseni ya zamani inatosha, mradi mnyama aweze kugeuka ndani yake bila kugusa kingo, na ukingo mmoja uwe mfupi ili mdogo au mzee aweze kupanda. Kinachotiwa ndani ndicho kinachowashinda wengi wa Goma. Changarawe nyeusi ya volkano inapatikana bure mbele ya kila mlango, kwa hiyo watu wanaichota hiyo. Inachoma nyayo na haifukiki vizuri. Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa nchi kavu, na hadi leo miguu yake inapenda kitu laini kinachochimbika: mchanga mwembamba, au vumbi la mbao kutoka kwa seremala ikiwa halina rangi wala dawa ya mbao. Kina cha vidole vitatu au vinne kinatosha. Manukato yasitiwe. Harufu inayompendeza mwenye nyumba inaweza kumfukuza paka.

Mama aliweka beseni ya kwanza jikoni, karibu na imbabura, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Paka hakuikanyaga. Paka hapendi kujisaidia karibu na chakula chake, wala mahali penye moto, kelele au watu wanaopitapita. Beseni ikahamishwa hadi kwenye pembe ya chumba cha nyuma, mbali na mifuko, penye ukimya. Usiku wa kwanza ikatumika. Wenye paka wawili wanashauriwa kuweka beseni tatu, yaani moja kwa kila paka na moja ya ziada, na zisipangwe pamoja, kwa sababu paka mwenye nguvu anaweza kulinda mlango na kumzuia mwenzake. Katika nyumba ya vyumba viwili hesabu hiyo ni ngumu, lazima ikubaliwe. Beseni mbili zikisafishwa vizuri zitasaidia kuliko tatu zilizosahauliwa.

Halafu kuna harufu, na hapa nyumba nyingi zinajiharibia zenyewe. Mkono wa kwanza unakwenda kwenye javeli. Mkojo wa paka ni mzito, kwa kuwa mwili wake unabana maji, na ukikaa unatoa amonia. Javeli ikikutana na amonia inatoa hewa kali inayochoma macho na kifua, jambo la hatari katika chumba kidogo chenye dirisha moja ambamo watoto wanalala. Tena paka anarudi palepale, kwa maana pua yake inaona mahali pale bado ni choo. Kinachofaa ni kukausha kwanza kwa kitambaa bila kusugua, kuosha kwa maji na sabuni, kisha kupitisha vinegri iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kusuuza na kuacha pakauke. Mashuka yanaweza kuloweshwa katika sabuni ya unga ya aina yenye vimeng'enya, kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu maji ya moto sana yanaviua vimeng'enya hivyo. Godoro la sponji ndilo gumu kuliko vyote. Likishalowa hadi ndani, ni kulianika kwa siku kadhaa, na mara nyingine hata hivyo halirudi kama zamani.

Kuna pia mkojo wa aina nyingine ambao beseni haiuponyi. Paka dume aliyekomaa, kuanzia miezi sita hivi, anasimama, anaelekeza mkia juu huku unatetemeka, na kurusha mkojo kidogo kwenye ukuta, mlango au mguu wa kiti. Huyo hajisaidii. Anaandika jina lake, hasa akisikia madume wengine wakipigana juu ya mabati usiku. Anayetaka kujua tofauti aangalie tu doa: likiwa ubaoni kwa kimo cha goti ni alama, likiwa chini au kitandani na ni kubwa, ni haja. Dawa ya alama hizo ni kumhasi paka. Takribani madume 9 kati ya 10 wanaacha au wanapunguza sana, ingawa aliyeizoea tabia hiyo kwa miaka anaweza kuendelea nayo. Wengine wanahofia kwamba paka aliyehasiwa atakuwa mvivu na kuacha panya. Anaweza kunenepa akilishwa kupita kiasi, lakini kuwinda haachi. Kuwinda hakutokani na mapumbu. Zaidi ya hayo, anapunguza kuzurura, na vita vya usiku ndivyo vinavyoleta vidonda na magonjwa.

Kuhusu magonjwa, kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake, na paka anastahili chanjo hiyo pia.

Katika nyumba ile ya Katindo hofu kubwa ilitoka upande mwingine. Mke wa kijana mkubwa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na shangazi zake walitaka paka aondoke siku hiyo hiyo. Hawakuwa wamekosea kabisa. Paka anaweza kubeba toksoplasma, kijidudu kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini kijidudu hicho kinapita katika mavi, si katika mkojo, na mavi yanahitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo yakiondolewa kila siku, na mwenye mimba asiguse beseni hiyo, hatari inapungua sana. Nyama isiyoiva na mboga za bustani zisizooshwa zinaleta ugonjwa huo huo, na shangazi hawakuwa wamezitaja. Uamuzi ukawa kwamba mwenye mimba asikaribie beseni, na kazi hiyo apewe kijana mwenyewe, mume wake. Alilalamika siku mbili.

Chakula nacho kilibadilishwa kidogo. Paka wa kwanza alikuwa anakula sambaza zilizokaushwa tu, akinywa maji pale alipoyakuta, na maji yalikuwa kwenye bidoni zilizofungwa. Paka anayekula vitu vikavu bila kunywa vya kutosha anatoa mkojo mzito, na mkojo mzito unasaidia chembe kujitengeneza. Sasa sambaza zinaloweshwa katika maji yasiyo na chumvi kabla ya kumpa, na bakuli la maji liko mbali na beseni. Fimbo imeondolewa pia. Paka akichapwa kwa mkojo wa saa mbili zilizopita hajui anachochapiwa. Anajifunza tu kuogopa watu, na woga ni moja ya mambo yanayouwasha upya ugonjwa wa kibofu.

Kwa mifuko ya unga, seremala wa jirani alitengeneza kitanda cha mbao chenye kimo cha mita moja, na mifuko iliyofunguliwa inatiwa ndani ya ndoo zenye mfuniko. Mama anasema ingefaa afanye hivyo tangu mwanzo, paka au si paka, kwa kuwa panya nao wanakojoa.

Paka wa pili amehasiwa na ana miezi kumi sasa. Mara moja tu amekojoa nje ya beseni, juma ambalo kijana alisafiri kwenda Rutshuru na hakuna aliyekumbuka kuisafisha. Binti, ambaye ametimiza miaka 13, ndiye anayeikagua asubuhi kabla ya kwenda masomoni. Anahesabu mabonge ya mchanga uliolowa. Akikuta mawili au matatu, anafunga mlango na kuondoka.