Kuandaa Safari ya Pemba: Maelezo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili wa Kongo namna ya kuandaa safari ya kisiwa cha Pemba. Wengi wetu tukisikia Zanzibar hukumbuka Unguja peke yake. Kisiwa cha Pemba, kilichoko kaskazini-mashariki mwa Unguja kwa masafa ya kilomita 50 hivi, husahauliwa, ingawa kina msitu wa asili, magofu ya kale na lahaja yake chenyewe, Kipemba. Hoja yetu ni moja: msafiri hana budi kuandaa maswali kabla ya kuandaa mizigo.

1. Msitu na mashamba

Waarabu walikiita kisiwa hicho al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani. Lakini si kila kijani ni msitu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, nayo ikashika nafasi ya kwanza katika kilimo cha karafuu. Misitu ilifyekwa, na kazi nyingi ya mashamba ilifanywa na watumwa hadi utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897. Miongoni mwa watumwa waliopelekwa pwani walikuwamo watu wa Manyema, nchi yetu. Basi njia iliyotuletea Kiswahili ndiyo iliyowachukua wao, na Mkongo aendaye Pemba haendi ugenini tu.

Msitu uliobaki ni wa Ngezi, kaskazini-magharibi. Humo unaota mpapindi, mti wa jamii ya minazi, na katika kisiwa hicho huishi popo mkubwa alaye matunda, asiyepatikana penginepo duniani.

2. Magofu

Mwanahistoria al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, alitaja kisiwa cha Qanbalu chenye wakazi Waislamu. Wataalamu kadhaa wanaona kuwa Qanbalu ilikuwa Pemba, na baadhi yao huielekeza Ras Mkumbuu, penye magofu ya msikiti na makaburi ya mnara. Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, pana mabaki ya ngome ambayo wenyeji huinasibisha na Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukali wake. Hapo mwanafunzi alinganishe mawe na masimulizi: kila kimoja kinasema nini ambacho kingine kinanyamazia?

3. Lugha

Hapa ndipo penye hatari. Wako wanaokwenda pwani kama mkosefu aendaye kuungama, wakidhani kuwa mutu na batoto vya Lubumbashi ni makosa, na kwamba huko watakuta Kiswahili kisicho na doa. Tukumbuke kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Kipemba nacho kiliachwa pembeni, na mtoto wa Pemba hujifunza usanifu shuleni kama wetu. W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wa lahaja na tungo za Pemba mwaka 1958. Ni vema kuusoma kwanza. Kisha mwanafunzi aandike orodha fupi ya mambo ya kusikiliza: viambishi vya nafsi, upatanisho wa ngeli, majina ya miti na ya vyombo vya bahari. Aendaye kusahihishwa hurudi na aibu. Aendaye kulinganisha hurudi na maarifa.

4. Matayarisho

Kwa nchi kavu, njia hupitia Kasumbalesa, Zambia na Tunduma hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ni meli hadi Unguja, kisha Mkoani. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yaepukwe. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya Tanzania hulipia bima ya Zanzibar. Atakayehoji watu aombe kibali cha utafiti huko huko Zanzibar, mapema. Mavazi yawe ya heshima, na wakati wa Ramadhani asile hadharani mchana. Wazee huamkiwa kwa shikamoo kabla ya swali lolote.

Kwa kumalizia, gharama za safari hii ni nzito kwa mwanafunzi wa kwetu. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kwenda bila swali.