Kasoro Ikionekana Rusizi, Nani Huirekebisha?

Mama mmoja amefika katika kituo cha afya wilayani Rusizi, pande za Cyangugu ya zamani, kuchukua dawa zake za mwezi. Karani anaandika jina lake katika kompyuta, nayo yajibu kwamba mtu huyo hayumo. Naye mama yu papo hapo mbele yake, mtoto mgongoni, cheti mkononi! Mfano huu ni wa kubuni, lakini jambo la namna hiyo laweza kutukia popote kompyuta inapotunza habari za wagonjwa.

Miongoni mwa programu zilizoenezwa nchini Rwanda kwa kazi hiyo ni OpenMRS, iliyobuniwa mwaka 2004. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, na Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda. Haiuzwi. Maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, hata fundi aliyeko Kigali, Nairobi au Marekani aweza kuyasoma na kuyasahihisha.

Lakini fundi huyo hakumwona mama wala kompyuta. Akiambiwa tu kwamba "mashine imegoma", atafanya nini? Yampasa karani aeleze anatumia toleo gani la programu, alibonyeza nini kwanza na nini baadaye, alitazamia kuona nini, na aliona nini. Pengine atagundua kwamba akitanguliza jina la Kinyarwanda mgonjwa huonekana, na akitanguliza jina la ubatizo hutoweka. Sentensi hiyo moja ina faida kuliko kurasa tatu za manung'uniko. Ila jina la mama mwenyewe lisitajwe kamwe, kwa kuwa taarifa hizo husomwa na dunia nzima. Abuniwe mgonjwa asiyekuwapo, ajaribiwe huyo.

Taarifa ikifika hupewa namba. Kwanza huchunguzwa: je, kasoro yaweza kurudiwa kwingine? Je, imekwisha kuletwa na mwingine? Ikithibitika, hutangazwa kuwa tayari kwa kazi, na fundi yeyote, hata wa kujitolea, aweza kuichukua. Akimaliza, mwenzake huikagua kazi yake kabla haijapokewa. Kasoro ipotezayo habari za mgonjwa hutangulizwa. Rangi mbaya ya kitufe yaweza kungoja.

Hapo shauri hufungwa, bali Rusizi bado. Sahihisho limo katika toleo jipya, na kituo kitaendelea na la zamani mpaka mtu alete jipya na kuliweka. Katika kungoja huko ndiko hatari ilipo. Karani mwenye haraka humfungulia mama faili ya pili. Mwezi ujao nusu ya habari za dawa zake imo katika faili moja, nusu katika nyingine, na mganga huona nusu tu.

Karani mwangalifu hutafuta tena kwa namba ya cheti. Asipofanikiwa, hufungua daftari la karatasi, huandika dawa alizopewa mama na tarehe, kisha humruhusu aende zake.