Aliyechanjwa Ebola Anaweza Kuambukiza Nini?

Ebola ilipotangazwa Mangina, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, kisha ikaingia Beni na Butembo, uvumi ulienea kwamba chanjo ndiyo inayoleta ugonjwa. Wengi waliuita ujinga. Mimi naona ulibeba swali la maana: kama chanjo ina kirusi hai, hakiwezi kumtoka aliyechanjwa kikamwingia jirani?

Kwa baadhi ya chanjo, kinaweza. Cha chanjo ya tetekuwanga kimewahi kumfikia asiyechanjwa, mara chache mno, aliyechanjwa akiwa ametokwa na vipele. Cha matone ya polio ndicho kisumbufu: hutoka na choo, na penye watoto wengi wasiochanjwa huzunguka hadi kikageuka na kupoozesha. Kongo inaijua adha hiyo.

Chanjo iliyotumika Beni, Ervebo, ni habari nyingine. Imetengenezwa kwa kirusi cha malengelenge ya ng'ombe na farasi wa Amerika, kikavuliwa koti lake na kuvishwa la ebola. Ebola ina jeni saba. Humu imo moja tu, ya koti. Haiwezi kuzaa ebola.

Ila kirusi chenyewe ki hai. Kwa siku kadhaa alama zake huonekana kwenye damu, mate na mkojo, na wachache hutokwa na malengelenge. Ndiyo maana aliyechanjwa hushauriwa ayafunike, asichangie damu kwa wiki sita, na ajihadhari na mwenye kinga dhaifu. Hata kikimfikia huyo, si ebola.

Mbona basi wengine waliugua baada ya sindano? Miongoni mwa waliochanjwa kwanza walikuwa waliomgusa mgonjwa. Aliyemwosha marehemu Jumatatu na kuchanjwa Ijumaa huenda alikuwa nayo tayari: ebola hujificha siku 2 hadi 21, na kinga huchukua kama siku 10 kujengeka. Majirani waliona sindano, kisha homa, kisha gari la wagonjwa. Nani asingeunganisha?

Tena homa ni athari ya kawaida ya chanjo hiyo na vilevile dalili ya kwanza ya ebola. Hata muuguzi mzoefu hazitofautishi kwa macho. Damu hupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, inayosaka jeni mbili, ya koti na nyingine ya ndani. Aliyechanjwa tu anaweza kuonyesha ya koti. Ikionekana na ile ya ndani, hiyo ni ebola.